Mtoto Akigundulika na Kisukari Aina ya Kwanza: Mwongozo Kamili kwa Mzazi

Sisimizi ndio walioniambia kwanza. Binti yangu alikuwa na miaka sita, ameshaacha kukojoa kitandani siku nyingi, mara akaanza tena. Asubuhi nikianika godoro uani, sisimizi wanapanga mstari mpaka palipolowa. Mama yangu aliliona akasema, "Mwanangu, hilo godoro lina nini?" Nikamjibu labda mtoto amemwaga uji. Baada ya siku tisa mtoto alikuwa kitanda cha hospitali, anapumua kama aliyetoka kukimbia, pumzi yake inanuka kama embe lililoiva kupita kiasi. Kabla ya hapo zahanati moja ilitupa dawa ya malaria, kisha tukapewa ya U.T.I. Katika siku hizo zote hakuna aliyemtoboa kidole.

Ni miaka saba sasa. Haya ninayoyaandika nimejifunza kliniki, kwa wauguzi, kwa wazazi wenzangu kwenye benchi la kusubiri, na jikoni kwangu. Vipimo vya dawa vya mtoto wako atakupangia daktari wake, maana kila mtoto ana vyake. Ila kuna mambo ya kila siku ambayo daktari hana muda wa kuyamaliza kwa dakika kumi.

Elewa kwanza kilichotokea

Kinga ya mwili, ile inayopigana na vijidudu, imekosea adui. Imezishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini mpaka karibu zote zimekufa. Bila insulini, sukari ya chakula haiingii vizuri kwenye misuli wala kwenye mafuta ya mwili. Inabaki kwenye damu, figo zinaimwaga pamoja na maji mengi, na ndiyo sababu ya kiu, mkojo na wale sisimizi. Mwili unaokufa njaa huku damu imejaa sukari unaanza kuchoma mafuta yake, na moshi wa moto huo, tuseme, ni asidi ziitwazo ketoni. Asidi hizo ndizo zinazoua.

Ukoo wa magonjwa haya ya mwili kujishambulia ni mpana. Baridi yabisi ya watoto imo humo, lupasi imo, na maradhi kadhaa ya tezi ya shingo. Kisukari aina ya kwanza hupata watoto kila pembe ya dunia. Finland, nchi ya baridi kali, ndiyo inayoongoza: kila mwaka hugundulika watoto zaidi ya 50 katika kila watoto 100,000 walio chini ya miaka 15. Kwa hiyo mtu akikuambia umemlisha mtoto pipi nyingi, au kuna jirani aliyemrushia kitu, usibebe mzigo huo. Pipi hazileti ugonjwa huu. Hukufanya kosa.

Na ukisikia "kisukari ni cha wazee", jua wanazungumzia aina ya pili, ambayo wengi huanza na vidonge. Mtoto wa aina ya kwanza hana vidonge vinavyoweza kushika nafasi ya insulini. Kabla ya mwaka 1922 watoto hawa walikufa karibu wote, wengine baada ya kulazwa njaa kwa miezi kama tiba pekee iliyojulikana. Januari mwaka huo, mjini Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini iliyotolewa kwenye kongosho la ng'ombe, akawa wa kwanza kuokolewa nayo. Akaishi miaka mingine 13. Mtoto wako leo ana nafasi ya kuishi mpaka awe na wajukuu.

Hatua ya 1: Ukiona dalili, dai kipimo cha sukari siku hiyohiyo

Dalili ni nne, nazo huja kwa pamoja ndani ya siku au wiki chache: kukojoa mno, kiu isiyokatika, kukonda huku anakula, na uchovu. Kwa mtoto mdogo angalia kukojoa kitandani kulikorudi, au fangasi sehemu za siri zisizosikia dawa. Zikiongezeka kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua haraka kwa kina na pumzi yenye harufu ya matunda au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, hiyo ni dharura. Usingoje asubuhi.

Huku kwetu hatari ni kwamba kila dalili ina ugonjwa mwingine unaojulikana zaidi. Kutapika na kulegea kunaitwa malaria, pumzi za haraka zinaitwa nimonia, tumbo linaitwa taifodi. Mara nyingine mtoto aliyelegea hutundikiwa dripu ya glukosi, na sukari inazidi kupaa. Sema maneno haya mlangoni, kwa heshima lakini bila kuondoka: "Daktari, naomba mpimeni sukari kabla ya dawa yoyote." Ni tone moja la damu na sekunde chache. Mtoto mwenye dalili ambaye sukari yake ni 11.1 (milimoli kwa lita) au zaidi wakati wowote wa siku ana kisukari, na anapaswa kuanza matibabu siku hiyo. Kama mashine yenu inasoma kwa miligramu, 11.1 ni sawa na 200. Ukitaka kubadilisha, gawanya namba kubwa kwa 18.

Hatua ya 2: Usitoke wodini kabla hujajua mambo matano

Wazazi tunakuwa na haraka ya kutoka. Usitoke mpaka uweze, mbele ya muuguzi, kuvuta dozi sahihi, kudunga, kupima kidole, kutaja dalili za sukari kushuka na tiba yake, na kusema ni lini utarudi hospitali usiku wa manane. Fundisheni watu wawili nyumbani, siyo mama peke yake. Mume wangu alianza kudunga siku ya tatu, mikono inamtetemeka, na uamuzi huo umetuokoa mara nyingi.

Uliza pia habari ya kliniki ya watoto wenye kisukari iliyo karibu nanyi. Muhimbili wanayo, na hospitali nyingine kubwa za rufaa nchini nazo zina kliniki hizo. Mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanza mwaka 2009, umefika Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, na ule wa Life for a Child unasaidia nchi nyingi za ukanda wetu. Watoto walioandikishwa hupata insulini na vifaa bila malipo. Usinunue chupa ya pili dukani kabla hujauliza.

Fungate, na mtego wake

Hili nalipa nafasi yake kwa sababu nimezika mtoto wa rafiki yangu kwa ajili yake.

Wiki chache baada ya kuanza insulini, watoto wengi hupata nafuu ya ajabu. Kongosho lililopumzishwa hutumia seli chache zilizobaki, dozi inapungua, wengine wanabaki na kiasi kidogo sana. Madaktari huiita fungate. Huweza kudumu wiki, miezi, mara chache zaidi ya mwaka. Halafu huisha, kila mara.

Sasa fikiria kipindi hichohicho shangazi ameleta mizizi, au mtoto ameombewa, au amenyweshwa kombe. Sukari inasoma 6 wiki nzima. Familia inasema amepona, na sindano inawekwa kabatini. Seli za mwisho zikifa, mtoto anaingia kwenye asidi ndani ya siku moja au mbili. Mimi ni mtu wa dua na sitamzuia mtu kumwombea mwanawe. Omba, huku sindano inaendelea. Dozi ipunguzwe na kliniki pekee, na isifike sifuri.

Hatua ya 3: Kudunga insulini

Wengi wetu tunapewa insulini za aina mbili. Kuna ile angavu kama maji, ya muda mfupi, ambayo kliniki wengi huiita kwa jina la Actrapid. Inaanza kazi baada ya nusu saa, kwa hiyo dunga, subiri dakika 30, ndipo ale. Na kuna ile yenye ukungu kama maji ya mchele, ya muda wa kati, Insulatard kwa mfano, ambayo nguvu yake hupanda polepole na kufika kileleni saa kadhaa baadaye. Ndiyo maana mtoto aliyedungwa asubuhi anahitaji kitu cha kula saa nne, na aliyedungwa jioni anahitaji kitafunwa kabla ya kulala. Ukiwa na Mixtard, hizo mbili zimeshachanganywa kiwandani, usiongeze kitu.

Kuchanganya kwenye bomba moja ndiko kulikonitoa jasho, basi nakueleza polepole. Nawa mikono. Chupa ya ukungu iviringishe katikati ya viganja mara kumi au zaidi mpaka iwe nyeupe sawasawa. Usiitikise, itatoa povu. Tuseme dozi ni yuniti 8 za ukungu na 4 za angavu. Vuta hewa ya 8, iingize kwenye chupa ya ukungu, chomoa bila kuvuta dawa. Vuta hewa ya 4, iingize kwenye chupa angavu, igeuze juu chini, vuta 4 za dawa. Gonga bomba kwa kidole mapovu yapande, yarudishe. Sasa rudi kwenye ukungu, vuta taratibu mpaka 12. Ukizidisha hata alama moja, mwaga yote uanze upya, kwa sababu ukirudisha utachafua chupa. Angavu kwanza, ukungu baadaye: binti yangu aliimba maneno hayo kabla hajajua kusoma.

Bomba liwe la insulini la U-100, ambalo mara nyingi lina kifuniko cha rangi ya chungwa. Bomba la kawaida la hospitali halina alama hizo na linaweza kumpa mtoto mara kumi ya dozi.

Dunga tumboni mbali kidogo na kitovu, pajani kwa juu na nje, kwenye makalio, au nyuma ya mkono. Bana ngozi kwa vidole viwili, ingiza, sukuma, hesabu mpaka kumi, chomoa. Kila siku sogea upana wa vidole viwili. Watoto hupenda kudungwa palepale kwa kuwa pamekufa ganzi. Papasa hapo, ukikuta uvimbe laini kama mto, paache kwa miezi, maana dawa hapo hainyonywi vizuri. Siku ya mpira usidunge paja: misuli inayokimbia huivuta insulini haraka mno.

Sindano zilizotumika zitie kwenye dumu gumu la plastiki lenye kifuniko, likijaa lipeleke kituo cha afya. Wazoa taka wana watoto pia.

Hatua ya 4: Kuitunza dawa kwenye joto letu

Chupa ambayo haijafunguliwa inataka nyuzijoto 2 hadi 8. Ikigusa barafu imeharibika hata kama ikiyeyuka inaonekana nzima, basi iweke mlangoni mwa friji, mbali na pale panapogandisha. Uliyofungua itumie ndani ya wiki nne. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000, na mtoto mdogo hawezi kuzimaliza kwa muda huo; bandika plasta juu yake uandike tarehe ya kufungua.

Huna friji? Chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine, jaza mchanga katikati, umwagie maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Chupa itie kwenye kopo la plastiki ili lebo isilowe. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima hali halisi ya nyumba za wakimbizi wa Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, ambako joto hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, wakakuta insulini inadumisha nguvu yake kwa wiki nne. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2021. Yalinipa usingizi, maana umeme wetu hukatika mno. Ila kamwe usiiache kwenye gari au dirishani penye jua. Na angavu ikigeuka ukungu, au ya ukungu ikishika mabonge, itupe.

Hatua ya 5: Kupima wakati stripu ni chache

Lengo la kawaida kwa watoto ni kati ya 4 na 10, na kabla ya kula kati ya 4 na 8. Vitabu vinasema pima mara nne mpaka sita au zaidi. Wengi wetu tunapata stripu, vile vijiti vya kupimia damu kwenye mashine, mbili kwa siku zikizidi. Mimi nafanya hivi: moja ni ya kabla ya kifungua kinywa kila siku. Ya pili inazunguka: Jumatatu kabla ya chakula cha mchana, Jumanne kabla ya cha usiku, Jumatano kabla ya kulala, kisha narudia. Wiki ya kliniki natumia stripu nne kwa siku tatu mfululizo, daktari apate picha nzima. Wacha akiba ya stripu kumi usiyoigusa ila kwa ugonjwa. Tobolea pembeni ya ncha ya kidole, siyo katikati, na anawe mikono kwanza: embe lililobaki kidoleni litakupa 18 ya uongo.

Andika daftari. Tarehe, saa, namba, dozi, alichokula kisicho cha kawaida.

Hatua ya 6: Sukari ikishuka

Chini ya 3.9 ni kushuka. Mtoto anatetemeka, anatoa jasho la baridi, ana njaa ya ghafla, ananuna au analia bila sababu, macho yanakuwa mbali. Wangu huanza kubishana. Hata kama huna mashine, tibu.

Mtoto mdogo mpe vijiko viwili vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, mkubwa vitatu au vinne, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida. Siyo andazi, siyo maziwa, siyo chokoleti; mafuta huchelewesha. Subiri dakika 15, pima. Bado chini? Rudia. Ikishapanda, mpe ndizi au kipande cha mkate.

Akizimia au akipata degedege, usimnyweshe chochote. Mlaze ubavu. Kama una sindano ya glukagoni, dawa inayopandisha sukari haraka, mdunge. Kama huna, paka asali au sukari iliyoloweshwa kidogo ndani ya shavu la chini, kidogo kidogo, huku gari linatafutwa.

Usiku pana hila yake. Naingiza mkono nyuma ya shingo yake anapolala. Nikikuta baridi na majimaji, nampima hata iwe saa tisa. Siku aliyocheza sana nampima vyovyote.

Hatua ya 7: Anapoumwa

Kosa linaloua kuliko yote ni hili: mtoto ana homa, hali, kwa hiyo mzazi anaacha kudunga. Homa yenyewe hupandisha sukari na kuleta ketoni. Dozi inaweza kubadilika, na kliniki watakuelekeza kwa simu, lakini insulini haiachwi. Pima kila saa tatu au nne, mpe maji kwa wingi, pima ketoni kwenye mkojo kama una vijiti vyake. Nenda hospitali akitapika zaidi ya mara moja, ketoni zikizidi, pumzi zikibadilika au akilala usingizi usioeleweka. Mkifika, sema neno la kwanza: "Ana kisukari aina ya kwanza."

Chakula, shule na mfungo

Chakula ni kilekile cha nyumba nzima. Ugali, wali, chapati, viazi na ndizi ndivyo vinavyopandisha sukari, kwa hiyo pima kiasi kwa bakuli moja lisilobadilika na ujaze maharage, mboga na samaki. Chai bila sukari. Soda na juisi ni dawa sukari ikishuka, zikae kabatini. Usimwekee chungu chake peke yake. Atajiona mgonjwa kila mezani.

Shuleni nenda mwenyewe, kabla muhula haujaanza. Mwalimu wa darasa, wa michezo na mpishi wajue: aruhusiwe kwenda chooni, ale saa nne hata katikati ya mtihani, na akiona anatetemeka asitumwe ofisini peke yake. Andika ukurasa mmoja wenye namba zako, bandika pamoja na pakiti ya glukosi. Kwa bweni, dai kuonyeshwa friji itakapokaa dawa na ufunguo uko kwa nani usiku. Mimi nilikataa shule moja nzuri kwa jibu la swali hilo.

Kwa wenzangu Waislamu: mtoto hajabaleghe, hana faradhi ya kufunga. Kijana akitaka kufunga, muone daktari kabla ya Ramadhani dozi zipangwe upya. Apime mchana, kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, afungue palepale.

Miaka ya ujana

Kubaleghe kunaongeza mahitaji ya insulini, na mtoto aliyekuwa na yuniti 20 anaweza kuhitaji mara mbili yake. Siyo kwamba anakula kwa siri. Kila miezi mitatu kliniki wampime urefu na uzito, na kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, ambacho lengo lake ni chini ya asilimia 7. Kudumaa ni ishara kwamba insulini haitoshi. Uliza pia macho, figo na tezi ya shingo, kwa kuwa mwili ulioshambulia kongosho unaweza kuigeukia tezi.

Binti yangu ana miaka 13. Mwezi uliopita daftari lake lilikuwa zuri mno: 6, 7, 6, 8. Nikafungua kumbukumbu ya mashine, nikakuta 15, 19, na siku mbili hakupima kabisa. Nilitaka kupiga kelele. Nikakumbuka ni siku ngapi ameshadungwa tangu akiwa na miaka sita, nikamwita tukae mkekani. "Mama, nimechoka tu," akasema. Nikamwambia wiki hiyo nzima nitavuta mimi dozi za jioni, yeye apumzike. Ukifika hapo na mwanao, usimuadhibu kwa namba, la sivyo utaletewa namba za uongo. Chukua sehemu ya kazi kwa siku chache, halafu umrudishie kidogo kidogo. Siku ya tano alinyoosha mkono mwenyewe akachukua bomba, akabana paja la kushoto, na mimi nikahesabu mpaka kumi.